Kizuri Chajiuza

Asalamu aleikum, na hamjambo nyote.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie mambo manne: bandari, muguka (yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa), ushuru wa nyumba, na kwa nini nawania ubunge bila chama. Amenipa dakika arobaini. Mnaonijua mnajua kwamba bandari peke yake itameza nusu ya muda huo, na leo sijizuii, maana kila baraza ninalokaa naambiwa, "Hayo ya reli yamepita, Rais alisharudisha mizigo." Hayajapita. Kilichorudishwa kwa tamko huondolewa kwa tamko, na tusipolielewa hilo tutaendelea kuamka kila asubuhi kusikiliza mkubwa amesema nini.

Historia ya SGR, hii reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, siwapi, mmeishi nayo. Naanza na treni ya abiria. Ilipoanza mwaka 2017, ni nani alitoa agizo kwamba anayekwenda Nairobi asipande basi? Hakuna. Mabasi yalibaki Mwembe Tayari, wapiga debe walibaki, na kila mtu akaamua kwa mfuko wake na mgongo wake. Wengi walichagua treni. Siku za sikukuu ukichelewa kukata tiketi unaikosa. Mwanzoni mwa 2024 nauli ya behewa la kawaida ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Watu walinung'unika, kisha wengine wakalipa na wengine wakarudi kwenye basi, na hakuna aliyehitaji wakili. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Treni ya abiria ilijiuza.

Ya mizigo je? Mwenye ghala Nairobi alizoea kutoa kontena lake hapa hapa, Kilindini au kwenye maboma ya makontena ya huku kwetu. Analipa kodi, anakodi trela, mzigo unateremshwa mlangoni pake. Kwa treni, kontena linashushwa Embakasi, Nairobi. Huko alisubiri, alipie, halafu akodi lori lile lile alilodhani ameepukana nalo, limfikishie mzigo ghalani. Na kontena tupu nalo lina safari yake ya kurudi. Wafanyabiashara walikaa na kalamu wakapiga hesabu, na wengi wakabaki na trela. Mtu asiwaite wasaliti wa taifa kwa sababu wanajua kujumlisha.

Basi Agosti 2019 likaja agizo: mizigo yote ya kutoka nje inayokwenda Nairobi na bara ipande SGR, na ikatolewe huko huko Embakasi. Yaani mteja ameitazama bidhaa akaikataa, na mwenye duka amefunga mlango akamwambia hutoki mpaka ununue.

Yupo hapa anayejiuliza, "Sasa deni la Wachina lilipwe na nani?" Swali hilo nakutana nalo kila mahali, nami silikimbii. Mkopo wa Benki ya Exim ya China, karibu dola bilioni 3.2, ulitiwa saini mwaka 2014. Bandari yetu ikafungwa na mkataba wa kuipelekea reli mzigo wa kutosha, ukipungua ifidie. Na tangu 2013 kila aagizaye bidhaa kutoka nje alikuwa ameshaanza kukatwa asilimia 1.5 ya thamani yake kwa ajili ya reli, baadaye ikafika 2. Kwa hiyo dereva wa Miritini aliichangia reli kila aliponunua tairi lililotoka ng'ambo, kisha reli hiyo hiyo ikaja kuchukua mzigo wake kwa amri. Deni lisilolipika mpaka watu walazimishwe lilikuwa na kasoro siku ile ile lilipotiwa saini. Waulizwe waliotia saini. Aliyekuwa akiendesha trela asibebeshwe.

Na wewe wa "malori yanaharibu barabara", nakusikia pia. Mizani iko Mariakani. Lipime lori, litoze kwa uzito wake na kwa uharibifu linaofanya, mimi nitakuwa wa kwanza kukuunga mkono, maana kuharibu kitu cha wengine si uhuru. Baada ya hapo treni ikiwa rahisi kuliko lori, mizigo itahama yenyewe bila polisi wala mkurugenzi.

Niwaambie kuhusu mkaza mjomba wangu. Alikuwa na kibanda cha chakula Mariakani, kando ya barabara kuu. Kabla ya alfajiri alikuwa na chai ya tangawizi, chapati na maharagwe ya nazi. Madereva na matingo wao wakipanda kwenda Nairobi walikula kwa deni, wakishuka walilipa, kwa sababu pesa zao zilitoka baada ya kufikisha mzigo. Deni aliandika kwenye daftari la shule, na majina yalikuwa ya namna hii: Thika Mrefu. Trela Nyekundu. Kijana wa Athi River. Hakuwa na nambari zao za simu, wala hakuwahi kumwomba mtu kitambulisho. Dhamana yake ilikuwa barabara: aliyekula leo lazima atapita tena. Aliyelipa, jina lake lilikatwa kwa kalamu nyekundu.

Alinionyesha daftari lile baada ya agizo. Kurasa za mbele zote ni nyekundu, mistari juu ya mistari. Ukipindua kuelekea mwisho, wino mwekundu unapungua, na ukurasa wa mwisho hauna hata mstari mmoja uliokatwa. Watu wale hawakuwa wezi. Walikosa mzigo, wakaacha kupita. Hakuna benki ingempa mama huyu mkopo, naye alikuwa akiwakopesha madereva wa nusu ya nchi, bila riba, bila wakili, na alikuwa akilipwa. Mpango ule ulijengwa na watu wazima walioaminiana kwa miaka, na ukavunjwa kwa karatasi moja iliyoandikwa na mtu asiyejua kwamba upo. Hilo ndilo linalonikera kuliko deni, kuliko mkataba. Aliyeandika agizo aliona makontena. Daftari hakuliona, na hawezi kuliona, hata awe mwema na msomi namna gani, kwa sababu madaftari kama yale yako maelfu kutoka Miritini mpaka Mlolongo na kila moja lina mwandiko wake. Asiyeweza kuyasoma asiyachane.

Mafundi wa pancha, vijana wa kupakia na kupakua, wenye nyumba za kupangisha Changamwe, wote hao mnawajua, sina haja ya kuwahesabu. Vijana waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Novemba 2020 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikasema agizo lilikiuka Katiba, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa. Septemba 2022 Rais mpya, William Ruto, siku aliyoapishwa, akatangaza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Tulishangilia, nami nilishangilia. Lakini sababu ya mahakama ni ndogo kuliko yangu. Mimi nasema hata tungeshirikishwa, hata ukumbi mzima kama huu ungeinua mikono kukubali, kontena lingebaki kuwa la mwenyewe.

Kuna wanaoniambia haya ni mawazo ya Wamarekani, nimeyaokota kwenye simu. Nendeni Bandari ya Kale mkatazame mahali majahazi yalipofunga. Kaskazi ilileta watu kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikawarudisha, na nguo, tende, boriti na nafaka zikabadilishwa baina ya watu ambao hata lugha walikuwa wakichanganya. Waliaminiana kwa daftari, kama mkaza mjomba. Na nisifiche: majahazi yayo hayo yalibeba watumwa. Kwa hiyo anayeniambia uhuru ni wa mfanyabiashara peke yake simkubali. Huanza na mwili wa mtu, ndipo uje kwenye mali yake.

Na hapo ndipo muguka unapoingia, na hapa najua nitapoteza kura. Wazee wa msikiti wetu wameniambia hivyo waziwazi, nami nimewajibu kwa heshima kwamba heri wanipime kwa ninaloamini.

Mei 2024 kaunti yetu ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Muguka siutumii, na nyumbani kwangu hauingii. Nimewaona vijana waliokonda wakiwa wameketi na kifuko chao cha majani, karanga na chingamu tangu adhuhuri mpaka usiku, na mama zao wananisimamisha njiani. Uchungu wao ni wa kweli. Mtoto auziwe? Hapana, na anayemuuzia mtoto ashtakiwe. Mtoto bado hajafikia kujiamulia. Lakini mwanamume wa miaka thelathini si mtoto wa gavana.

Tazameni kilichofuata. Rais akasema marufuku hayana nguvu, kwa kuwa muguka unatambuliwa na Sheria ya Mazao ya 2013 na kanuni za miraa za 2023. Mahakama Kuu ya Embu ikayasimamisha. Wengi walidhani nitafurahi. Sikufurahi, kwa sababu ile hoja ya Rais ni ya ruhusa: mkulima wa Mbeere yuko salama maadamu zao lake limo kwenye orodha. Siku likifutwa je? Mgema wetu wa Kilifi, ambaye mnazi wake umemwagwa na maaskari mara ngapi, yeye analijua jibu. Halafu kaunti ikapandisha ada kwa magari yanayoingia na muguka. Hapo ndipo niliposimama barazani nikauliza, na hadi leo sijajibiwa: kama ni sumu, ada inaondoa sumu gani? Na kama kinachotakikana ni pesa, kwa nini mlituletea machozi ya mama zetu?

Mnataka kijana aache, nami nataka aache. Basi mpeni sababu ya kuamka. Kijana aliyekuwa utingo mwaka 2018, akapokonywa barabara mwaka 2019, leo mnamkuta kwenye kibanda cha muguka na mnataka kumpokonya na hicho. Serikali ilimwondolea kazi kwa amri, sasa inataka kumtibu kwa amri.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, ushuru wa nyumba nitaupita mbio. Asilimia 1.5 ya mshahara wako, na mwajiri naye 1.5. Mahakama iliukataa Novemba 2023, Bunge likaurudisha kwa sheria mpya Machi 2024. Mwalimu anayejenga polepole kwao Kaloleni, tofali kwa tofali, anakatwa ili ajengewe mtu mwingine nyumba mahali pengine, na yeye yake imesimama kwenye lenta. Nikifika Bungeni nitapiga kura ya kuufuta. Hilo sina haja ya kulirefusha.

Kuhusu chama. Katiba inaniruhusu kuwa mgombea huru nikiungwa mkono na wapiga kura 1,000 waliosajiliwa wa eneo bunge hili. Vyama viwili vimenifuata, na vyote vilitaka kujua kwanza nitapiga kura namna gani kwenye miswada ya fedha. Nimewaambia nitaisoma. Nilikuwa na maneno kuhusu leseni za biashara ndogo pia, na jinsi mama wa viazi karai anavyofukuzwa na kanjo, askari wa kaunti, huku risiti yake ya kaunti iko kwenye kanga, lakini muda umekwisha, tutalizungumza tukikutana tena.

Maswali sasa. Yule mzee mwenye kofia pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja muguka, na uso wake hauonyeshi kwamba anakubaliana nami. Mpeni kipaza sauti yeye kwanza.