Kigitaa changu cha safari nimekigeuza lapstili

Haya wadau, mambo vipi, natumaini wote mko poa. Leo sijatoka kuwazungusha mtaani, leo nimejifungia ndani na hiki kigitaa changu cha umeme mnachokijua, hiki kidogo ninachosafiri nacho, sasa kiangalieni vizuri, mnaona nyuzi zilivyonyanyuka? Kuna mdogo wangu mmoja wa huko nyumbani aliniuliza, "Kaka, yale magitaa yanayolazwa mapajani yanalia kama mtu anaimba, ndo lazima ninunue jingine?" Mdogo wangu, hayo ndo yanaitwa lapstili, na hulazimiki kununua. Kama una gitaa dogo tayari umefika mbali, na nakuonyesha sasa hivi.

Lapstili hubonyezi nyuzi kwa vidole. Unalaza gitaa mapajani, unashika kipande cha chuma kizito, unakitelezesha juu ya nyuzi bila kugusa freti, vile vyuma vyembamba vya shingoni, kabisa. Anayetajwa zaidi kuanzisha upigaji huu ni Joseph Kekuku wa Hawaii, kazaliwa Laie mwaka 1874, akaanza angali kijana wa shule, halafu 1904 akaondoka kuusambaza Marekani bara. Na gitaa la umeme la kampuni ya Rickenbacker la mwanzoni mwa miaka ya 1930, lile waliloliita Frying Pan kwa sababu linafanana na kikaango, lilikuwa lapstili, kimwili kidogo cha duara na shingo ndefu basi. Kwa hiyo msidharau gitaa kwa udogo wake jamani! Afrika nako hii sauti ipo, sikilizeni muziki wa juju wa King Sunny Adé wa Nigeria, ile stili inavyolia mle ndani mpaka nywele zinasimama.

Sasa kazi yenyewe. Nyuzi lazima zinyanyuke, kama milimita 10 hivi juu ya freti, ili chuma kisigonge. Kuna kifaa kinauzwa cha kuvalisha juu ya kile kidaraja kidogo cha kichwani nyuzi zinapopita kuingia shingoni, hakina gundi wala kutoboa, mkazo wa nyuzi wenyewe unakishikilia. Mimi sikukisubiri, nikachukua boliti yenye meno mwili mzima, nikailaza chini ya nyuzi, na yale meno yanasaidia kweli maana kila uzi unakaa kwenye njia yake hautelezi. Ila nilikosea kitu kimoja: niliiweka mbele ya kidaraja, kama milimita 4 kuelekea chini, basi kila nikiweka chuma juu ya freti ya 12 sauti inakuja chini kidogo, nikatyuni tena, bado, nikatyuni tena, bado, karibu nilie. Kumbe nilishaufupisha uzi! Freti ya 12 hukaa katikati kabisa ya uzi, sasa katikati ilikuwa imesogea milimita 2 kuelekea daraja la chini na freti imebaki palepale. Nikaitoa boliti nikaipandisha juu kabisa ya kidaraja chenyewe, ikakaa sawa.

Kitu cha pili, na hiki wengi hawakiambiwi: gitaa la kawaida nyuzi zake zimepinda kidogo, za katikati ziko juu kuliko za pembeni, na chuma chako kimenyooka. Njooni karibu na kamera. Naweka chuma hivi, naelekeza dirishani, mnaona mwanga unapita chini ya chuma pale kwenye uzi wa kwanza na wa sita? Huo mwanga ndo unaoleta mkwaruzo. Ile boliti imeshanyoosha upande wa kichwani, huku chini nazungusha viskrubu vya daraja taratibu mpaka mwanga upotee. Kama gitaa lako si la umeme na daraja limegandishwa kwa gundi usizinyanyue nyuzi sana, daraja linaweza kung'oka.

Nyuzi nazo badilisha. Gitaa kubwa urefu wa uzi ni kama sentimita 65, hiki changu 57, ukitumia uzi uleule kwa sauti ileile mkazo unapungua karibu robo, na nyuzi nyembamba zikilegea hivyo chuma kinazididimiza na sauti inayumba. Nimefunga nyuzi nene, pakiti ambayo uzi wake mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.013. Tyuni yangu ni D ya wazi, yaani ukipiga nyuzi zote bila chuma unapata kodi ya D, kuanzia uzi mnene: D A D F# A D, na nimeichagua kwa sababu hakuna uzi unaopandishwa, minne inashushwa miwili inabaki ilivyo, shingo haiteseki.

Kwenye kupiga, chuma kikae juu ya mstari wa freti wenyewe, sio nyuma yake kama tulivyozoea vidoleni, na vidole vilivyobaki vya mkono huo viguse nyuzi nyuma ya chuma, vikiachia tu unasikia mikelele ya ajabu. Freti sasa ni alama, sikio ndo linaamua. Hapo ndo nimekipenda hiki chombo jamani, kwa sababu sauti iko chini au juu kidogo unaisikia na unaisogeza mwenyewe hadi itulie, hakuna wa kukusaidia. Na mapajani weka kipande cha mpira au ngozi, vigitaa hivi ni vyepesi mno vinateleza. Siku ukitaka kurudi kwenye gitaa lako unatoa boliti, unashusha daraja, unafunga nyuzi zako za zamani, hakuna tundu hata moja.

Haya, vaeni hedfoni. Nyuzi zikiwa wazi hii ni D... freti ya tano, G... ya saba, A. Sasa naziunganisha, sikilizeni hapa katikati ya tano na saba...