Mvua Ina Mwenyewe

ZUHURA: Anza na ile ya askari, kaka Bakari. Jana ulivyonisimulia nilicheka, halafu usingizi ukagoma.

BAKARI: Haya bwana. Oakland, California, mwaka 2021, mwishoni mwa mwezi wa sita. Wanaharakati wako nje ya mahakama na bango lao, askari anawafuata kuwauliza habari za bango hilo. Mmoja anamrekodi. Askari alipoona anarekodiwa, akatoa simu yake, akafungulia wimbo wa Taylor Swift, "Blank Space".

ZUHURA: Katikati ya mabishano!

BAKARI: Katikati kabisa. Wala hakuficha nia. Aliwaambia warekodi wapendavyo, ila anajua YouTube haitapanda. Hesabu yake ni kwamba mitambo ya YouTube ikiusikia wimbo ule, video itashushwa kwa sababu ya hakimiliki, haki ya mwenye wimbo.

ZUHURA: Na ilipanda?

BAKARI: Ilipanda, tena ikasambaa kila kona, na kilichoisambaza ni wimbo wenyewe. Lakini mimi kilichonikaa kichwani si kwamba alishindwa. Ni kwamba askari wa doria, si mwanasheria, si fundi wa kompyuta, alishajua lipi la kufanya ukitaka kitu kisionekane mtandaoni. Hakutafuta amri ya mahakama. Alitafuta wimbo.

ZUHURA: Sasa ngoja na mimi niseme yangu, maana imenichoma. Wasikilizaji wetu wa siku nyingi mnakumbuka kulikuwa na sauti ya mvua mwanzoni mwa kipindi. Ile mvua niliirekodi mwenyewe. Usiku, dirisha wazi, simu nimeiegemeza kwenye kitabu, dakika 12. Dakika ya nne mlango unajibamiza kwa upepo, unausikia kabisa, pwaa! Nikaipakia peke yake kwenye jukwaa fulani ili wengine nao waitumie bure. Wiki ya pili napata ujumbe: rekodi imeondolewa, kuna mwenye haki amelalamika.

BAKARI: Mwenye mvua.

ZUHURA: Mwenye mvua! Kampuni ambayo sijapata kuisikia. Mvua yangu imefanana na mvua yao.

BAKARI: Si wewe tu. Kuna mwanamuziki mmoja wa Australia aliyetengeneza saa 10 za mvumo mtupu, ile shhhh ya redio isiyoshika stesheni. Mwaka 2018 akakuta video yake imedaiwa mara tano. Shhhh hiyo hiyo, madai matano.

ZUHURA: Angalau yake ilikuwa saa kumi, yangu dakika kumi na mbili. Sasa, nikasema sikubali. Nikabonyeza pale penye kupinga. Ikaja fomu. Jina kamili, si jina la akaunti. Anwani ya unapoishi. Namba ya simu. Sahihi. Chini kabisa kuna mstari mdogo unasema taarifa hizi atapelekewa aliyelalamika.

BAKARI: Ukajaza?

ZUHURA: Nilijaza jina, nilipofika kwenye anwani mkono ukasita. Mtu nisiyemjua kanishtaki kwa mvua, na sharti la kujitetea ni nimwelekeze nyumbani kwangu. Nikafunga kompyuta nikalala.

BAKARI: Basi ile fomu haikubuniwa na jukwaa lako. Inatoka kwenye sheria ya Marekani ya hakimiliki mtandaoni ya mwaka 1998, ile inayoitwa DMCA. Majukwaa makubwa mengi yako Marekani, kwa hiyo inamfikia hata asiyewahi kukanyaga huko. Inavyokwenda ni hivi: mlalamikaji akituma notisi, jukwaa likiondoa kitu upesi, haliwezi kudaiwa fidia kwa kosa la mtumiaji wake. Lisipoondoa, linajiweka matatani. Na fidia ya hakimiliki kule si mchezo, kosa la makusudi linaweza kufika dola 150,000 kwa kazi moja. Kazi moja, dada Zuhura. Jukwaa lina mabilioni ya kazi za watu.

ZUHURA: Kwa hiyo wanaondoa kwanza, maswali baadaye.

BAKARI: Wewe ungefanyaje? Halafu mwenye kitu akituma pingamizi, jukwaa linampelekea mlalamikaji. Asipofungua kesi, kitu kinarudishwa kati ya siku 10 na 14 za kazi. Hiyo ni sheria inavyosema. Kama ulichopakia ni habari ya uchaguzi wa kesho, siku 14 za kazi ni sawa na kamwe.

ZUHURA: Na viapo? Maana pale kwenye fomu niliona neno kiapo nikaogopa.

BAKARI: Hapo ndipo pananiudhi kuliko pote. Wewe unayejibu unaapa, chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, kwamba unaamini kitu chako kiliondolewa kimakosa, na unakubali mapema kushtakiwa. Mwenzako aliyeanza ugomvi naye anaapa, lakini anaapia jambo moja: kwamba ana mamlaka ya kumsemea mwenye haki. Kwamba umeiba kweli, hilo inatosha aamini kwa nia njema. Mizani imeinama tangu dukani.

ZUHURA: Kuna kifungu cha kuwabana wanaodanganya lakini.

BAKARI: Kipo, ila kukitumia ni kazi. Kuna mama alipakia video ya mwanawe mdogo anacheza, sekunde 29, nyuma unasikika wimbo wa Prince. Mwaka 2007. Kampuni ya muziki ikaiondoa. Mama akaenda mahakamani. Mwaka 2015 mahakama ya rufani ikasema kabla hujatuma notisi lazima ujiulize kama yale ni matumizi halali, yaani yale ambayo sheria inayaruhusu bila kuomba ruhusa. Ushindi mzuri. Kesi yenyewe ikamalizika kwa maelewano mwaka 2018.

ZUHURA: Sekunde 29, miaka 11. Mtoto kaacha kucheza, kaanza kunyoa ndevu.

BAKARI: (anacheka) Sasa chukua fomu yako ile, usimpe mtu wa mvua. Mpe mtu anayeandika kwa jina la bandia juu ya bosi mwizi, au juu ya dhehebu linalotesa watu wake. Bosi anachotaka si hakimiliki, anataka kujua ni nani huyu. Anatuma notisi: hii picha ni yetu, hii nyaraka ni yetu. Mwandishi ana njia mbili. Akinyamaza, makala imekwenda. Akijibu, amejitaja jina na mtaa.

ZUHURA: Yaani sheria ya kulinda nyimbo inakuwa chambo cha kumvulia mtu.

BAKARI: Na wapo wanaofanya biashara kabisa ya kusafisha majina ya watu. Wananakili makala ya gazeti inayomchafua mteja wao, wanaibandika kwenye tovuti ya uongo na tarehe ya nyuma, halafu wanaliandikia Google kwamba gazeti ndilo lililoiba. Kuna mradi unaitwa Lumen, umeanzishwa na mwanasheria Wendy Seltzer, unakusanya notisi hizi hadharani. Ukikaa jioni moja unazisoma unaona vituko. Mtu anadai hakimiliki ya habari ya kukamatwa kwake mwenyewe.

ZUHURA: Nina swali la kijinga.

BAKARI: Hayo ndiyo mazuri.

ZUHURA: Kwa nini hakimiliki? Kama mtu kachafuliwa jina, si aseme nimechafuliwa jina? Kama ni siri yake imevujishwa, si aseme ni siri yangu? Kwa nini kila mtu anavaa koti la mwanamuziki?

BAKARI: Kwa sababu milango mingine imefungwa. Marekani kuna Kifungu cha 230, cha mwaka 1996. Kinasema jukwaa halibebi dhima ya maneno aliyoyaweka mtumiaji. Ukitukanwa, mshitaki aliyekutukana, usinishitaki mimi niliyembebea. Bila kifungu hicho majukwaa mengi yangeogopa kumwachia mtu aandike kitu. Ila kifungu chenyewe kimetoa nafasi za pekee, na mojawapo ni haki za ubunifu, hakimiliki ikiwemo. Kwa hiyo ukimwendea jukwaa na chozi la faragha, anaweza kukwambia pole. Ukimwendea na hakimiliki, anasimama wima.

ZUHURA: Sasa hapo umenifikisha nilipotaka. Mimi nakuja na upande wa pili, na usinikatize.

BAKARI: Sikatizi.

ZUHURA: Msichana ana picha zake za faragha kwa mpenzi wake, wakiachana yule bwana anazimwaga mtandaoni. Analia, anaandika, anasubiri. Siku akijua kwamba picha aliyojipiga mwenyewe hakimiliki ni yake, kwa sababu mwenye kupiga ndiye mwenye picha, anatuma notisi, picha inashuka. Koti lile lile la mwanamuziki limemsitiri mtu. Kwa hiyo wewe ukilitukana koti, kumbuka nani mwingine analivaa.

BAKARI: Na kama picha alimpiga yule bwana?

ZUHURA: Ndiyo uchungu wake. Basi hakimiliki ni ya bwana. Mwili ni wa msichana, aibu ni yake, picha si yake. Unaona upuuzi? Mtu anapata hifadhi kutegemea nani alibonyeza kitufe.

BAKARI: Hapo nakubali, sina neno.

ZUHURA: Ulaya wamejaribu kumpa mtu mlango wake mwenyewe. Mei 2014 mahakama yao ya juu ilisema mtu anaweza kuiomba Google iondoe matokeo ya zamani yasiyo na maana tena yakitafutwa kwa jina lake. Kisha ikaja sheria yao ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, ikaanza kutumika Mei 2018, nayo ina haki ya kufutiwa taarifa. Lakini muda wa kujibiwa ni mwezi mzima, na unaweza kuongezwa miwili. Picha ya aibu haisubiri mwezi, kaka. Kwa usiku mmoja imeshafika kwa shangazi.

BAKARI: Na Marekani, Mei 2025, ikasainiwa sheria ya picha za faragha zilizowekwa bila ridhaa, pamoja na za kughushiwa kwa akili mnemba. Jukwaa likipewa taarifa lina saa 48 kuondoa.

ZUHURA: Hiyo sasa! Saa 48. Hiyo ndiyo naitaka.

BAKARI: Naitaka na mimi, na naiogopa. Saa 48 maana yake nini? Hakuna mtu wa kuchunguza. Mtambo utaondoa kila kinacholalamikiwa, kama ulivyoondoa mvua yako. Yule askari mwakani hataleta wimbo, atasema video inaingilia faragha yake.

ZUHURA: Askari akiwa kazini, hadharani, hana faragha ya namna hiyo, na sheria hiyo inahusu picha za utupu.

BAKARI: Najua, na wewe unajua. Mtambo unajua?

ZUHURA: Basi tatizo si kasi. Tatizo ni kwamba anayelalamika kwa uongo hapotezi kitu. Mimi nilitakiwa kuweka mezani jina, nyumba na kiapo. Yeye aliweka nini? Mlalamikaji atozwe gharama akidanganya, hata ndogo. Akidanganya mara tano, notisi zake zisisomwe tena na roboti, zisomwe na mtu.

BAKARI: Na yule msichana wako, naye aweke nini mezani? Ukipandisha bei ya kulalamika, wa kwanza kushindwa ni yeye, si kampuni yenye mawakili.

(kimya kifupi)

ZUHURA: Umenikamata.

BAKARI: Sijakukamata, hata mimi sina jibu. Ninachoweza kusema ni cha mezani tu: asiyejibu kwa kuogopa kujitaja asihesabiwe amekiri. Pingamizi lipokelewe, jina lifungiwe kwenye bahasha kwa jukwaa, lifunguliwe mlalamikaji akienda kweli mahakamani. Anayetaka hakimiliki yake atakwenda. Anayetaka anwani yako tu, atakwama hapo.

ZUHURA: Hilo lingenitosha mimi usiku ule. Ningejaza.

BAKARI: Lakini rekodi unayo bado?

ZUHURA: Ninayo, faili lenyewe la kwanza, sijaligusa. Tarehe ipo, saa ipo. Na jamani, anayepakia kazi yake asifute faili la asili, ndilo shahidi pekee ulilonalo.

BAKARI: Na mlango upo.

ZUHURA: Dakika ya nne, pwaa. Kampuni ile kama mvua ni yao, watueleze mlango ni wa nani.

BAKARI: Basi leo tusifunge na muziki. Tuiweke mvua yako, dakika tano, mpaka baada ya mlango.

ZUHURA: Kipindi kikishushwa je?

BAKARI: Nitajaza fomu mimi. Anwani yangu wengi wanayo tayari.

ZUHURA: Haya, fundi mitambo, iachie.

(Sauti ya mvua.)