Keya wa Angani: Nilivyozunguka Uwanja wa Ndege za Vita wa Downham Market

Shikamooni wakubwa zangu, na vijana mambo vipi. Mwenyekiti kanipa dakika kumi na tano na mnanijua mimi nikishika maiki siachii, kwa hiyo bibie wa mbele hapo ukiona nazidisha nipungie mkono.

Haya. Nani hapa anapita ile A10 ya Cambridge kwenda King's Lynn? Naona mikono mingi, wengi mnaenda kazini huko. Ukikaribia Downham Market, huko Norfolk, pembeni kuna kijiji kinaitwa Bexwell, kanisa dogo la mawe, miti, basi. Mimi nimepita hapo miaka na miaka nikiwaza shifti tu, sikujua kwamba yale mashamba yalikuwa uwanja wa ndege za kivita. Ulifunguliwa Julai 1942, ukafungwa 1946, miaka minne tu yaani, na katika hiyo minne watu wawili waliorukia hapo walipewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa hapa Uingereza.

Nikaenda Jumapili moja, peke yangu, mke wangu alikataa kwa sababu ya mvua. Msitegemee kukuta njia ndefu ya kurukia kama ya Dar hapo, hamna. Zege sehemu kubwa lilishavunjwa likabebwa, ukulima umerudi. Ila ukitembea pembeni ya shamba unakuta kipande cha zege kimebaki, kimepasuka, majani yametokea kwenye nyufa, na unashangaa kipana hivi ni cha nini katikati ya mashamba, trekta halihitaji njia pana hivyo. Nimeinama nikaligusa, kokoto zake zinaonekana, zimelainika kwa mvua ya miaka themanini. Nyumba chache za matofali za wakati ule zipo bado, nyingine zimekuwa karakana, redio inapigwa ndani mtu anachomelea chuma. Nikiwa nimesimama hapo ikapita ndege ya kijeshi juu, maana kituo cha jeshi la anga cha Marham hakiko mbali na kule ndege za kivita za F-35 wanazo mpaka leo, masikio yakaziba kabisa, nikasema sawa, kumbe kazi haijaisha imehamia jirani tu.

Sasa kilichonileta kuongea leo ni jina. Kikosi cha kwanza kukaa pale kilikuwa namba 218, na jina lake kamili ni 218 Gold Coast Squadron. Gold Coast ndio Ghana ya leo. Kiliitwa hivyo kwa sababu ya michango ya watu wa Gold Coast kwa vita, na hakikuwa kikosi hicho tu, kikosi cha 214 nacho kilikaa pale na kilikuwa na jina la Malay, kule Malaysia ya leo. Hebu fikirini, mkulima wa kakao kule Afrika Magharibi anachangishwa hela, hela inavuka bahari inageuka ndege, ndege inaruka kutoka shamba la Norfolk kwenda kupiga Ulaya, na yeye hajawahi kusikia Bexwell maishani mwake. Mimi kwenye kumbukumbu za pale namweka na huyo mkulima. Mtanisamehe.

Ndege zenyewe zilikuwa Stirling, injini nne, watu saba ndani. Dude kubwa lakini halipandi juu vizuri, ndege za Lancaster zinapita juu yake, kwa hiyo Stirling inakula mizinga ya Wajerumani kutoka chini na wakati mwingine mabomu ya wenzake kutoka juu, bahati mbaya hiyo jamani.

Agosti 1943, usiku wa kuamkia tarehe 13, rubani wa 218 anaitwa Arthur Aaron, miaka 21, anaenda kupiga Turin, Italia. Risasi zikampata, taya limevunjika, uso umeraruka, pafu limetobolewa, mkono wa kulia haufanyi kazi. Yule mwenzao wa kupiga hesabu za njia kafa hapo hapo. Kuongea hawezi, basi akawa anaandika maelekezo kwa mkono wa kushoto, wenzake wanasoma wanaendesha, wakavuka Mediterania nzima mpaka Bône, Algeria. Wakajaribu kutua mara nne ikashindikana yeye akielekeza, mara ya tano hali yake ikawa mbaya mpaka ikabidi wenzake wamzuie asishike usukani, mdondosha mabomu ndio akatua. Saa tisa baadaye Aaron akafa, na ndiye mmoja wa wale wawili wa Victoria Cross. Kikosi chenye jina la Afrika, rubani wake kafia Afrika. Sijui niliwaze vipi hilo, nalisema tu.

Mwezi huo huo wakakata kipande cha 218 wakaunda kikosi kipya hapo hapo, namba 623, na ndani ya 623 kulikuwa na mwenzetu. Johnny Smythe, kijana wa Freetown, Sierra Leone, kazaliwa 1915. Mrefu ajabu. Kazi yake ndio ile ya hesabu, yaani usiku, giza, ramani na penseli na saa, anamwambia rubani geuka sasa, ukikosea dakika mbili mmepotea wote saba. Mzunguko wa kazi ulikuwa safari 30 ndio unapumzishwa, yeye alikuwa amekaribia kabisa. Usiku wa tarehe 18 Novemba 1943 wakatunguliwa. Ameumia vyuma mwilini, akaruka na parashuti, akajificha kwenye banda, wakamkamata. Wajerumani walishangaa, ofisa mweusi wa anga katokea wapi huyu! Akakaa kambi ya mateka ya Stalag Luft I mpaka Warusi walipofika 1945. Pale kambini alisaidia kamati ya kutorosha wenzake lakini mwenyewe hakutoroka, kwa urefu ule na rangi ile angefika wapi kaskazini ya Ujerumani?

Kinachoniuma ni kwamba siku chache tu baada ya Smythe kutunguliwa, Novemba hiyo hiyo, wakubwa waliamua Stirling zisiende tena kupiga Ujerumani, zilikuwa zinaanguka mno. Na kikosi chenyewe cha 623 kikavunjwa Desemba. Siku chache!

Smythe alipona, 1948 alikuwa kwenye meli ya Empire Windrush kama ofisa wa serikali, akasoma sheria, akarudi kwao akawa mwanasheria mkuu.

Mimi nimekulia kwenye neno keya, yaani askari wa KAR, King's African Rifles, jeshi la Waingereza kule Afrika Mashariki. Babu akikasirika alikuwa anasema nyie hamjui Bama, na sisi tunacheka, tunadhani Bama ni kijiji fulani cha huko, kumbe ni Burma. Keya walitembea kwa miguu kwenye matope ya Burma na hela ya kustaafu ikawa hadithi. Kwa hiyo niliposoma habari za Smythe nikamwita keya wa angani, najua sio sahihi kijeshi, msinirekebishe.

Kuna mtu aliniuliza nje hapo, unawakumbukaje watu waliochoma miji yenye watoto? Swali zuri na silikwepi. Ujerumani walikufa raia laki kadhaa kwa mabomu hayo. Na kwa upande wa hawa warushaji wa ndege za mabomu za Uingereza, Bomber Command, watu 125,000 hivi waliingia, 55,573 hawakurudi, karibu nusu. Mimi naziweka namba zote mbili mezani na sizipunguzi hata moja.

Naona mkono unapunga, sawa bibie, namalizia. Wanaotaka kwenda tumepanga Jumapili ya mwisho wa mwezi, tutakutana kanisani Bexwell ambako kuna kumbukumbu ya wale wawili wa Victoria Cross, halafu tunazunguka kwa miguu kwenye njia ya umma tu, shamba ni la mtu. Mje na gambuti, nawaambia mapema, lile tope linavua kiatu.