Triga Mbili za Kutega Zikigoma: Anzia Wapi?

(Mhadhara kwa mafundi na wamiliki wa silaha wenye vibali, Moshi)

Shikamooni wazee, habari zenu wengine. Kabla ya kuligusa gobore kwa bisibisi, mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti. Uingize mtutuni mpaka ugote, ushike kwa kidole pale mdomoni, uuchomoe, kisha uulaze nje sambamba na mtutu, kidole kikiwa usawa wa mdomo. Ncha ikifika usawa wa chuchu ya fataki, pale nyundo inapopiga, mtutu ni mtupu. Ikiishia vidole viwili vitatu kabla ya hapo, kuna baruti na risasi ndani, na hakuna ukarabati mpaka vitoke. Habari ya kibali mnaijua: gobore nalo ni silaha.

Sasa triga zenyewe. Ya nyuma hutega, ya mbele hufyatua, sawasawa na mtego wa panya. Ukivuta ya nyuma, unakaza springi bapa na kuinasa kwenye ndoano ya triga ya mbele. Ukigusa ya mbele, ndoano inaachia, na mkono wa triga ya nyuma unaruka juu kuupiga mkia wa kipingo, kile kinachoishikilia nyundo ikiinuliwa, ndani ya mtambo. Triga ya kawaida husukuma kipingo na kidole kinaendelea kukishikilia. Iliyotegwa hupiga mara moja ikaondoka. Ugomvi mwingi unatokana na tofauti hiyo, na mara nyingi triga haina kosa lolote.

Lalamiko la kwanza: nyundo haikai juu. Uliza kwanza kama ni triga za aina ambayo lazima itegwe kabla ya kuinua nyundo. Zipo. Isipotegwa, springi inausukuma mkono juu, kipingo hakipati nafasi ya kunasa. Hiyo si mbovu. Tega kwanza, inua baadaye. Kama si aina hiyo, legeza nusu mzunguko skrubu ndefu inayoshuka kutoka mkia wa mtutu hadi kwenye bamba la triga. Nyundo ikikaa, umempata mchawi: skrubu ilikazwa mno, bamba limevutwa juu, na triga inakibana kipingo. Weka kipande chembamba cha shaba kati ya bamba na mbao, kaza tena, jaribu.

Isipokaa bado, shuku mbao. Kitako kisichopakwa mafuta vizuri hunyonya unyevu wa masika, kikavimba, na bunduki iliyofanya kazi Septemba ikagoma Aprili. Fungua mtambo, pitisha mkia wa kipingo juu ya moshi wa kibatari mpaka uwe mweusi, rudisha, kaza, inua nyundo mara mbili tatu, fungua tena. Penye masizi kwenye mbao ndipo panapogusa. Kwangua hapo tu, kidogo kidogo, kwa patasi kali. Ukikwangua kwa kubahatisha unaharibu kitako cha watu.

Lalamiko la pili: nyundo inaanguka nusu na kusimama. Gurudumu la nyundo, lile linalozunguka nayo ndani ya mtambo, lina mapengo mawili ya kunasia kipingo: la nyundo iliyoinuliwa nusu na la iliyoinuliwa kamili. Kwa kuwa triga iliyotegwa hupiga na kuondoka, kipingo kinarudi chini mapema na kingedumbukia pengo la nusu. Kinachokizuia ni kiulimi kidogo, chembamba kama kucha ya mtoto, kinachocheza kwenye gurudumu. Ukifungua mtambo juu ya zulia kikadondoka, jioni yako imeisha. Kipime hivi: mtambo ukiwa mkononi, inua nyundo mpaka mwisho, ishike kwa dole gumba, bonyeza kipingo, kiachie mara nyundo inapoanza kushuka, ishushe taratibu. Ikipita pengo la nusu bila kunasa, kiulimi ni kizima. Ikinasa, kimepotea au kimegandishwa na mafuta mazito. Osha kwa mafuta ya taa, kausha, tia tone moja la mafuta ya cherehani. Kiulimi kikiwa kizima na nyundo bado inasimama, springi ya triga imelegea au mkono haukifikii kipingo vizuri.

Mwisho, skrubu ndogo katikati ya triga mbili. Kuiingiza ndani kunapunguza kunasa kwa ndoano, triga inakuwa nyepesi. Ikizidi, haitegeki kabisa au, vibaya zaidi, inafyatuka kwa mtikisiko. Itoe mpaka itege kwa uhakika, kisha ingiza robo mzunguko kwa wakati. Kila hatua, bunduki ikiwa tupu na kipande cha kandambili kikiwa kati ya nyundo na chuchu, gonga kitako kwa kiganja mara tano. Ikifyatuka hata mara moja, rudisha nusu mzunguko.

Kuna aliyeuliza kama ndoano iliyolika inaweza kupigwa tupa. Hapana. Vipande vingi vya namna hii vimefanywa vigumu kwa nje tu, kama ngozi. Ukiivua ngozi ile, chini ni chuma laini kitakacholika upesi. Badilisha triga.