Ubovu wa Gari Alipe Nani? Mhadhara Kuhusu Hyundai

Mkuu wa chuo, walimu wa karakana, na nyinyi mafundi mliofunga gereji mchana wa Jumamosi ili mje kunisikiliza, shikamooni. Vijana, marahaba, ingawa hamjaniamkia. (Kicheko.)

Nilipomwambia mwenyeji wangu kwamba nitazungumza kuhusu Hyundai, alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza, "Siyo Toyota, mzee?" Siyo Toyota. Toyota mnaijua kuliko mimi, na sidhani humu ndani yupo aliyewahi kubadilisha mawazo juu yake. Nataka tuzungumze kuhusu gari ambalo watu walilicheka hadharani, kisha haohao wakalinunua. Hilo halitokei mara nyingi. Jina likishachafuka kwa madereva, huwa limechafuka.

Najua wengi wenu hamjafungua injini nyingi za Kikorea. Sababu kubwa ni usukani. Mitumba yetu inatoka Japani, ambako wanapita kushoto kama sisi. Korea Kusini wanapita kulia, kwa hiyo mtumba wao unakuja na usukani kushoto. Ndugu zetu wa Kongo, Rwanda na Burundi, wanaopita kulia, hawana tatizo hilo. Na aliyewahi kufanya kazi Uarabuni atawaambia kwamba kule Hyundai ni gari la kawaida kabisa. Huko Saudia, Hyundai inaifuata Toyota kwa mauzo. Kwa hiyo msiseme ni mbovu kwa sababu tu hamzioni hapa mtaani.

Lakini zamani zilikuwa mbovu kweli.

Hyundai Motor ilianzishwa mwaka 1967 na Chung Ju-yung, mtoto wa mkulima aliyewahi kumiliki gereji Seoul miaka ya 1940. Walianza kwa kuunganisha Ford Cortina kwenye kiwanda chao pale Ulsan, Korea Kusini. Gari lao wenyewe la kwanza, Pony, lilianza kutengenezwa mwishoni mwa 1975. Umbo lilichorwa na Mwitaliano Giorgetto Giugiaro, injini ilikuwa ya Mitsubishi, na msimamizi wa kazi alikuwa Mwingereza, George Turnbull, aliyetoka British Leyland, kampuni ya magari ya Uingereza. Sioni aibu katika hilo. Fundi yeyote huanza kwa kushika tochi wakati mwenzake anafungua nati.

Aibu ilikuja Marekani. Mwaka 1986 walipeleka gari dogo liitwalo Excel, bei dola 4,995. Mwaka huo wa kwanza ziliuzwa 168,882, na hakuna kampuni ya kigeni iliyokuwa imewahi kuingia soko lile kwa kishindo namna hiyo. Mwaka uliofuata zilipita 260,000. Fikirieni wanunuzi ni akina nani: mwanafunzi, kijana aliyeajiriwa juzi, mama anayelea watoto peke yake na hajawahi kumiliki gari jipya. Watu hawa ndio wasioweza kabisa kumudu gari linaloharibika. Wakapewa bodi inayoshika kutu mapema na injini isiyofika mbali. Mwenye fedha gari likimfia barabarani, anachelewa mkutano. Wa Excel alikuwa anapoteza kazi, na mkopo wa gari bado anaulipa.

Ukitaka kujua sifa ya gari usimuulize anayeliuza likiwa jipya, muulize anayelinunua likiwa na miaka minne. Soko la mitumba la Marekani liliikataa Excel. Wachekeshaji wa televisheni za usiku wakapata mtaji: ukitaja Hyundai tu, ukumbi unacheka. Kiwanda walichofungua Bromont, jimbo la Quebec nchini Kanada, mwaka 1989, kilifungwa 1993. Ilipofika 1998 walikuwa wanauza Marekani magari kama 90,000 tu kwa mwaka. Na hapo Wakorea walikuwa wameshaboresha vitu vingi! Injini walikuwa wanaunda wenyewe. Lakini nani angeingia dukani kuangalia?

Sasa tuingie kwenye kiini. Mwishoni mwa 1998, kwa magari ya toleo la 1999, Hyundai Marekani walitangaza waranti, yaani ahadi ya kutengeneza ubovu kwa gharama ya kampuni, ya miaka 10 au maili 100,000, yaani kama kilomita 160,000, kwa injini, gia boksi na mfumo wote wa kupeleka nguvu kwenye tairi. Toyota wakati huo walikuwa wanatoa miaka 5 au maili 60,000. Nataka mwone kichaa cha jambo hili. Kampuni yenye jina bovu kuliko wote inaahidi muda mrefu kuliko wote.

Wengi wanasimulia habari hii kama ujanja wa matangazo. Mimi sikubali. Tangazo ni la mteja. Waranti hii ilikuwa na msomaji wa pili, na huyo alikuwa ndani ya kiwanda. Kabla ya hapo, gia boksi ikifa mwaka wa saba, hasara ni ya yule mama. Mhandisi wa Ulsan hata habari hapati. Baada ya hapo, gia boksi hiyohiyo ikifa, bili inavuka bahari na kutua mezani kwa kampuni, ina tarehe, ina namba ya chasisi, ina jina la kifaa kilichokufa. Zikija bili elfu tano za kifaa kimoja, mhasibu ataanza kupiga kelele kuliko mteja. Hapo ndipo ubora unapata mlezi.

Na mwenyekiti mpya alikuwa mtu wa kuzielewa bili hizo. Chung Mong-koo, mtoto wa mwanzilishi, alishika usukani wa kampuni katika kipindi hichohicho. Huko nyuma aliwahi kuongoza kitengo cha huduma baada ya mauzo, yaani pale magari yanaporudi yakilia. Inasimuliwa kwamba alipotembelea Ulsan mwanzoni mwa 1999 alifungua boneti, akakuta nyaya zinaning'inia, mipira imepishana kama utumbo, na bolti zimepakwa rangi tofauti tofauti. Akaagiza bolti zote ziwe nyeusi, na gari lisitoke kiwandani kama chini ya boneti hapajatulia. Bolti nyeusi haifanyi gari liende vizuri. Mnalijua hilo. Lakini mnajua pia kwamba mkifungua boneti mkakuta fujo, mnaanza kutafuta ugonjwa hata kabla mwenye gari hajaeleza.

Mauzo ya Marekani yalipanda, na mwaka 2003 yakavuka 400,000. Mwaka 2004 likatokea lililowashangaza watu. Kuna taasisi inaitwa J.D. Power, inawauliza wanunuzi kasoro walizokutana nazo katika siku 90 za kwanza. Mwaka 1998 Hyundai ilikuwa na kasoro 272 kwa kila magari 100. Mwaka 2004 zilikuwa 102, ikasimama bega kwa bega na Honda na Toyota. Kwa miaka sita!

Tusizidishe shangwe, lakini. Siku 90 ni fungate. Hata ndoa mbaya ina siku 90 nzuri. (Kicheko.) Kasoro za mwaka wa tatu na wa nne zilichelewa kupungua, na imani ya watu ikachelewa zaidi. Wahenga wamesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nawaheshimu wahenga, lakini hapa naomba kuwabishia. Hyundai ya 2004 ilikuwa kitu kizuri na bado ililazimika kujitembeza miaka mingi, kwa sababu mnunuzi alikuwa anaendesha kumbukumbu ya Excel ya shangazi yake.

Kumbukumbu hiyo ilitikiswa na mambo kadhaa, nayapitia haraka. Mwaka 2006 Kia, ambayo Hyundai ilikuwa imeinunua baada ya kufilisika, ilimchukua Mjerumani Peter Schreyer aliyechora Audi TT, na magari yakaanza kuwa na sura. Mwaka 2015 wakamchukua Albert Biermann kutoka kitengo cha magari ya kasi cha BMW, yakaanza kushika barabara. Tuzo zikafuata: Kia Telluride ikawa gari bora la dunia 2020, Ioniq 5 ya umeme ikalitwaa taji hilo 2022. Vizuri. Kwangu mimi lililo kubwa kuliko yote hayo ni la Januari 2009. Uchumi wa Marekani unaporomoka, watu wanaogopa kununua chochote. Hyundai wakasema: nunua, na ukipoteza kazi ndani ya mwaka mmoja, rudisha gari. Waliorudisha walikuwa mamia machache tu mpaka mpango unafungwa 2011. Soko zima la Marekani lilianguka zaidi ya asilimia 20 mwaka ule, na wao wakauza zaidi ya mwaka uliotangulia. Ni akili ileile ya waranti: hofu ya mteja, niwekee mimi begani.

Mgema akisifiwa, mnajua mwenyewe anachofanya na tembo.

Nimekuja na hiki kiberiti. Nyinyi wa mbele, pitisheni. Ndani hakuna njiti, kuna chenga za chuma nilizookota asubuhi hii chini ya mashine ya kukereza hapo karakanani kwenu. Chovya kidole kwenye oili, kisha uguse. Zinang'aa kama pambo la harusi. Sasa kumbukeni njia za oili ndani ya kranki shafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, zile zinazopeleka oili kwenye metali za koni rodi, pale mkono wa pistoni unaposhika mhimili huo. Katika kiwanda chao cha injini Alabama, chenga za namna hiyo zilibaki ndani ya njia hizo zilipotobolewa, hazikusafishwa zikaisha. Oili ikienda, chenga zinaenda nazo. Metali inakosa oili, inalika, injini inaanza kunoki, yaani kugongagonga. Dereva anaongeza sauti ya redio. Siku moja akiwa barabara kuu inakaba. Nyingine ziliwaka moto.

Hiyo ndiyo injini inayoitwa Theta II. Mwaka 2015 waliita magari yao ya Sonata kama 470,000 yarudi kurekebishwa. Mwaka 2017 wakaongeza, na safari hii Hyundai na Kia kwa pamoja zilikuwa zaidi ya milioni moja. Aliyepeleka taarifa kwa mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ni mhandisi wao wenyewe, Kim Gwang-ho, aliyefanya kazi Hyundai zaidi ya miaka 20. Alisema kampuni inajua zaidi ya inavyokiri. Wakamfukuza. Mwaka 2020 kampuni mbili hizo zilikubaliana na mamlaka hiyo adhabu ya dola milioni 210 kwa jumla, na mwaka 2021 Kim akazawadiwa zaidi ya dola milioni 24. Mnunuzi naye? Injini zilizohusika zilipewa waranti ya maisha. Deni lile la 1998 lilikuwa limekuja kudaiwa na riba yake.

Lakini lililonikera mimi si chenga. Chenga ni uzembe, na uzembe una dawa. Lililonikera ni funguo. Kuna kifaa kidogo cha umeme kinachozuia injini kuwaka kama ufunguo si wake. Hata vigari vidogo vya mtumba hapa vinacho. Kwa zaidi ya miaka 10, kuanzia toleo la 2011, Hyundai na Kia nyingi za bei ya chini zilizouzwa Marekani hazikuwa nacho. Magari yaleyale Kanada yalikuwa nacho. Kwa nini? Kanada sheria inakilazimisha tangu 2007, Marekani haikilazimishi. Vijana wakagundua kwamba ukivunja kifuniko chini ya usukani, ncha ya waya wa kuchajia simu inazungusha swichi. Wakaonyeshana mtandaoni, na wizi ukalipuka. Kuna kampuni za bima zilizokataa kuyakatia bima magari hayo katika baadhi ya miji. Na tazameni bili imetua kwa nani: kwa mnunuzi wa gari la bei ya chini, yuleyule wa Excel. Programu ya kurekebisha waliitoa Februari 2023.

Ndiyo, kaka yangu pale nyuma, umenyoosha mkono siku nyingi.

(Fundi mmoja: "Mzee, sasa wewe mwenyewe ungenunua?")

Jipya, ningenunua kesho kama ningekuwa na hela. (Kicheko.) Mtumba, inategemea. Mtu akikuletea Sonata ya 2012 kutoka Marekani, liwashe injini ikiwa baridi kabisa asubuhi, zima redio, sikiliza chini. Chomoa kijiti cha oili, paka kwenye karatasi nyeupe, peleka juani utafute vile ving'aavyo mlivyoona kwenye kiberiti. Uliza kama injini imeshabadilishwa. Kwa gari lile, "ndiyo" ni jibu zuri kuliko "haijaguswa". Na usimlipie chochote kwa sababu ya ile waranti ya miaka 10 ambayo nimekuwa nikiisifu tangu tumekaa hapa. Ilikuwa ya mnunuzi wa kwanza. Gari likiuzwa, wa pili anabaki na miaka 5 kuanzia siku lilipotoka dukani. Na sisi humu ndani, kwa gari lolote, ni wa pili au wa tatu.

Hicho kiberiti kimefika wapi? Nirudishieni kabla hakijamwagika.