Mtu wa Tatu Mnarani: Mhadhara Kuhusu Vifaru vya Wajerumani na Wasovieti

Asanteni, asanteni. Kaeni.

Tuanze na lugha kidogo. Sisi Waswahili hatukuhangaika: chombo hiki tumekiita kifaru, basi. Mnyama tunasema kifaru amekufa, chombo tunasema kifaru kimekufa, na kila mtu ameelewa. Wajerumani wao walifungua mbuga nzima. Wana Panther, yaani chui. Wana Tiger, chuimilia, ambaye porini kwetu hayupo. Wana Elefant, tembo. Wana hata Nashorn, ambaye ndiye kifaru mwenyewe kwa Kijerumani, na ajabu ni kwamba huyo hakuwa kifaru kamili, ni mzinga tu uliopachikwa juu ya minyororo bila paa. Mwishoni wakaunda jitu la tani 188, wakaliita Maus. Panya! Wasovieti waliridhika na herufi na namba: T-34, KV, IS.

Swali mlilonipa ni kipi kilikuwa na nguvu zaidi katika Vita vya Pili vya Dunia, cha Wajerumani au cha Wasovieti. Najua mmeona yale majedwali: unene wa deraya, yaani mabamba ya chuma ya kujikinga, kipenyo cha mzinga, nguvu za injini. Mimi majedwali hayo nayaona kama mabondia wanapopimwa uzito. Ni lazima yafanyike, lakini ngumi bado hazijaanza.

Tarehe 22 Juni 1941 Wajerumani wanaingia Umoja wa Kisovieti. Vifaru vyao vingi ni vyepesi. Panzer III ina mzinga wa milimita 37 au 50. Panzer IV ina wa milimita 75, lakini mfupi, uliokusudiwa kusaidia askari wa miguu. Upande wa pili kuna T-34 kama elfu moja hivi. Kiliundwa Kharkov, Ukraine, na timu ya mhandisi Mikhail Koshkin. Machi 1940 vifaru viwili vya majaribio viliendeshwa kwa minyororo yao kutoka Kharkov hadi Moscow kwenye baridi kali ili Stalin avione. Koshkin alikwenda navyo, akapata nimonia, na Septemba mwaka huo akafariki. Hakukiona kifaru chake vitani.

Siri ya deraya yake mnaweza kuijaribu jikoni. Chukua muhogo, ukate wima. Halafu chukua mwingine wa unene uleule, ukate mshazari. Kisu kimesafiri mbali zaidi ndani ya muhogo uleule. Bamba la mbele la T-34 lilikuwa na milimita 45 tu, lakini lilikuwa limelazwa nyuzi 60 kutoka wima, kwa hiyo kombora likija mbele kwa mbele lilikuta chuma cha milimita 90. Tena makombora mengine yalikuwa yanateleza tu na kupotea hewani. Ongeza mzinga wa milimita 76, injini ya dizeli ya nguvu za farasi 500, na minyororo mipana inayopita kwenye tope ambako Panzer inazama. Kwenye jedwali, Mjerumani hana lake.

Na KV, kifaru kizito cha Wasovieti, ndiyo kabisa. Karibu na Raseiniai, Lithuania, Juni hiyohiyo, KV moja ilisimama barabarani na kuwazuia Wajerumani wa divisheni ya 6 ya vifaru. Mzinga wao mdogo wa milimita 37 ulikuwa unagonga tu. Askari wao wenyewe waliuita kibisha-hodi. Ilibidi waiendee na mzinga wa kutungulia ndege wa milimita 88.

Sasa niambieni: ikiwa chuma kilikuwa kizuri hivyo, mbona Wajerumani walifika karibu na Moscow?

Ingieni nami ndani ya T-34. Kile kichwa kinachozunguka juu tukiite mnara. Mnara wa T-34 ya mwanzo una watu wawili. Mmoja anapakia makombora. Wa pili ni kamanda, na kamanda huyo ndiye pia mlengaji. Jicho moja liko kwenye darubini ya mzinga. Aangalie adui wengine saa ngapi? Amwelekeze dereva saa ngapi? Kama ni kamanda wa kikosi, aongoze wenzake saa ngapi? Redio walikuwa nazo wachache, hasa viongozi. Waliobaki walifuata bendera, na bendera katikati ya moshi na vumbi ni mapambo. Mfuniko wa juu ulikuwa mmoja, mkubwa, unaofungukia mbele, hivyo akiufungua unamziba machoni. Mpakiaji naye hana sakafu inayozunguka pamoja na mnara. Makombora mengi yako chini ya miguu yake, kwenye masanduku yaliyofunikwa mikeka ya mpira. Mzinga ukigeuka, yeye anaufuata huku akiruka masanduku wazi.

Gia ndiyo msiseme. Madereva waliweka nyundo karibu ya kugongea mkono wa gia. Kifaru kimoja kilipelekwa Marekani mwaka 1942 kufanyiwa majaribio. Injini ilikufa baada ya kilomita 343, na chujio la hewa lilibeba lawama kubwa. Vumbi linaingia moja kwa moja, injini inajisaga yenyewe. Fundi yeyote wa malori humu ndani anaelewa ninachosema.

Panzer III, hiyo dhaifu ya kwenye jedwali, ina watu watatu mnarani: mlengaji, mpakiaji, na kamanda ambaye kazi yake ni kuangalia na kuamua. Ana kijumba chake juu chenye madirisha pande zote. Ana redio masikioni. Kwa hiyo Panzer nne zinaongea, zinazunguka, mbili zinamshughulisha T-34 kwa mbele na mbili zinamtafuta ubavuni au nyuma. T-34 haijui imepigwa na nani.

Ilipopata makamanda wanaojua kuvizia, mambo yalibadilika. Oktoba 1941, karibu na Mtsensk, brigedi ya kamanda wa Kisovieti Katukov ilijificha ikasubiri divisheni ya 4 ya vifaru vya Ujerumani. Aliyejificha hana haja ya kuona kila upande. Wajerumani waliumia, na jenerali wao wa vifaru, Guderian, akaanza kudai kifaru kipya.

Jibu lao lilikuwa Tiger na Panther. Tiger ni tani 57, mbele milimita 100, mzinga wa milimita 88. T-34 ya milimita 76 haikuweza kuitoboa kwa mbele, na hata ubavuni ilibidi isogee karibu mno. Nguvu hiyo ni ya kweli, siipunguzi. Lakini ikikwama, kuivuta kunahitaji matrekta makubwa matatu. Ikipanda treni, inavuliwa minyororo mipana na kuvishwa myembamba. Na zilitengenezwa 1,350 hivi tu kwa vita vizima, wakati T-34 zilivuka 50,000.

Panther ndiyo mkasa wenyewe. Tani 45, bamba la mbele la mshazari walilojifunza kwa T-34 yenyewe, na mzinga mrefu wa milimita 75 ambao kwa kutoboa ulishinda hata ule wa Tiger. Julai 1943 karibu 200 zilipelekwa kwenye mapigano ya Kursk, Urusi, kabla hazijaiva. Injini zikashika moto, gia zikavunjika, nyingine zikakanyaga mabomu. Mapigano yalianza tarehe 5. Jioni ya tarehe 10 zilizokuwa zinafanya kazi mstari wa mbele ni kama 10.

Vita vya Prokhorovka, sehemu ya mapigano hayo ya Kursk, tarehe 12 mwezi huo, vinasimuliwa kama ndovu wawili kupigana. Panther haikuwepo hata moja, na Tiger hazikufika 20. Wasovieti walikimbilia adui uwanda wazi ili wafupishe umbali, wengine wakatumbukia kwenye handaki la kuzuia vifaru lililochimbwa na wenzao, na wakapoteza mamia.

Naona mkono pale nyuma. Ndiyo, kijana... Anauliza: je, hawakujifunza?

Walijifunza. Baada ya Kursk wahandisi wa Kharkov, waliokuwa wamehamishiwa Nizhny Tagil huko Urali na kiwanda chao, walipewa kazi ya kuweka mzinga wa milimita 85. Mzinga mkubwa ulihitaji mnara mkubwa, na kwenye mnara mkubwa kukapatikana kiti kimoja zaidi. T-34-85 ilianza kufika mstari wa mbele mapema 1944. Kwa chuma bado ilikuwa chini ya Panther. Lakini mlengaji alikuwa na kazi yake, mpakiaji na yake, redio ilikuwamo, na kamanda alikaa kwenye kijumba chenye madirisha, akiangalia nje.