Meli ya mbao ya kwenye boksi tunaigeuza jahazi, twende hatua kwa hatua

Mambo vipi wadau, karibuni, leo tuko hapa Chuga, yaani Arusha, bahari iko mbali huko Tanga ila meli tunaunda hivyohivyo. Hii mezani ni seti ya mbao ya kuagiza, imekuja kwenye boksi, ni chombo kidogo cha kizungu cha mlingoti mmoja, skeli yake 1:50, yaani sentimita moja hapa ni nusu mita kwenye chombo chenyewe. Sasa sisi cha kizungu hatutaki, tunakitoa jahazi.

Kabla hujafungua gundi, amua kwanza unabadilisha nini. Mlingoti wa jahazi unainamia mbele, wa hizi seti unasimama wima au unalala nyuma kidogo, kwa hiyo tundu lake kwenye sitaha na pale unapokaa chini kwenye mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, lazima uvisogeze mapema, ukishagandisha sitaha ndo basi tena. Chukua penseli, chora mlingoti ubavuni mwa mkuku, weka alama, tundu litoboe likiwa limelala kufuata ule mchoro.

Haya, mkuku na mataruma, yaani mbavu zinazosimama juu ya mkuku. Vipande vimekatwa na leza, unaona kingo zilivyoungua nyeusi, pitisha msasa kidogo maana gundi haishiki vizuri kwenye masizi. Pachika mataruma bila gundi kwanza, angalia yote yako mraba na mkuku, mimi natumia kona ya kiberiti, inatosha kabisa. Yakikaa sawa tia gundi nyeupe ya mbao, ya seremala ya kawaida, duka lolote la hadiwea lipo, halafu iache. Miezi ya sita na saba na hii baridi yetu inachelewa kukauka, usiiguseguse, lala uamke.

Hapa sasa ndo penyewe, naomba usiruke. Mataruma ya omo, yaani mbele, na ya tezi, yaani nyuma, huwezi kuyaacha na kingo za mraba, lazima uyalaze kwa msasa yafuate mkunjo wa ubavu. Chukua ubao mmoja mwembamba, ulaze juu ya mataruma yote toka mbele mpaka nyuma, uangalie kwa pembeni: ukigusa taruma kwa ncha tu, bado, endelea kusugua mpaka ukae bapa kwenye unene wote wa taruma. Inachosha, vumbi tupu, vaa barakoa, ila ubavu wenye mabonde na vilima chanzo chake ni hapa, na hakuna rangi itakayouficha.

Mbao za ubavuni loweka kwenye maji ya moto kama nusu saa, kisha ukunje taratibu juu ya pasi ya moto, ukiharakisha inavunjika. Anzia juu usawa wa sitaha ushuke chini, na ukibandika moja kulia ya pili iwe kushoto, hivyohivyo mpaka mwisho, ukimaliza upande mmoja kwanza mkuku unapinda. Bana na vibanio vya nguo. Kuelekea omo nafasi inakuwa finyu kwa hiyo ubao unauchonga upungue, ila usipunguze chini ya nusu ya upana wake, ikibidi acha ubao mmoja usifike mbele. Mianya iliyobaki changanya unga wa mbao uliotoka kwenye msasa na gundi, jaza, hiyo ndo kalafati yetu. Kisha msasa namba 120, halafu 220.

Mlingoti bana kwenye drili, washa, shika na msasa, unachongoka wenyewe. Foromali, ule mti wa kutundikia tanga, usiitoe kwenye kijiti kimoja, unga viwili, vipishane katikati na uvifunge kwa uzi, majahazini ndivyo zilivyo nyingi na inapendeza kuliko kijiti laini. Tanga lile la kwenye boksi weka pembeni, kata kitambaa cha merikani cha pembetatu, ichemshe na majani ya chai, ianike kivulini, maana tanga jeupe pee linaonekana la dukani. Macho ya omo mimi nimetumia vifungo viwili vya shati, nimevisugua vikawa bapa nikavipaka rangi, wewe ukiwa fundi wa kuchonga chonga.

Mwisho kamba. Shona tanga kwenye foromali kwanza ikiwa mezani, usijaribu ikiwa juu, utatukana. Pandisha foromali, ncha yake ya mbele ifunge chini karibu na omo, ya nyuma iwe juu, halafu demani, ile kamba ya kuvutia tanga, ivutwe nyuma upande wa kule tanga lilikolalia, usiikaze sana ili tanga litune kidogo. Kila fundo tone la gundi kwa ncha ya sindano, na uzi uliobaki kata gundi ikishakauka, ukikata mapema fundo linafunguka na foromali inakudondokea.